Washawasha ya Bonde la Deaton

Basi la shule lilikuwa likiwamaliza watoto mmojammoja, kama mtu anayekula karanga, na kila siku karanga ya mwisho ilikuwa Orlena. Alishuka pale barabara ya lami inapokoma. Dereva alipunga mkono, basi likageuza tumbo lake pana la njano na kurudi mjini. Baada ya hapo hapakuwa na sauti nyingine ila ya kijito, na ya viatu vyake mwenyewe juu ya kokoto.

Bondeni humo nyumba karibu zote zilikuwa zimepigiliwa mbao madirishani. Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa, wenyewe walihamia majimbo ya Ohio na Indiana kutafuta viwanda. Iliyobaki na moshi juu ya paa ilikuwa ile ya mwisho kabisa, ya Babu Hobert Deaton.

Kazi za Orlena zilikuwa zilezile kila alasiri. Aliwalisha kuku, akaleta kuni, akamwekea maji mbwa wao Biskuti, kisha akakaa mezani na hesabu zake huku Babu akipasha maharagwe na mkate wa mahindi. Babu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mgodi ulikuwa umemwachia vumbi kifuani, naye aliitumia pumzi yake kwa uchoyo, kama mtu aliyebakiwa na sukari kidogo kwenye kopo. Mara nyingi walikula hadi sahani zikawa nyeupe bila mmoja kumwambia mwenzake neno zaidi ya "nipe chumvi."

Mama yake Orlena alikuwa Ohio, akifanya kazi kiwandani zamu ya usiku. "Nikipata zamu ya mchana tu, nakuja kukuchukua," alisema kila alipopiga simu. Alikuwa akisema hivyo tangu majani yalipoanza kupukutika, na sasa majani mapya yalikuwa yanakaribia kuchipua. Baba yake alikuwa karibu zaidi, lakini hakuwa wa kuzungumza naye. Alilala juu ya kilima nyuma ya nyumba, katika makaburi ya ukoo wa Deaton, tangu Orlena hajajua kutembea.

Shuleni walimwita Ohio, kwa kuwa ndiko alikotoka. "Ohio, leo umekula nini, lami?" aliuliza Denver, mvulana wa kiti cha nyuma kwenye basi, na basi zima likacheka. Bondeni alikuwa mtoto wa mjini. Mjini, alijua, wangemwita mtoto wa bondeni. Kulikuwa na mahali pamoja tu alipotaka kuwa mwenyeji bila kuulizwa, napo ni ndani ya jina lile lililochongwa kwenye mawe ya kilimani.

Jioni moja mwishoni mwa baridi walipanda kilima pamoja. Babu alisimama kila baada ya hatua chache "kutazama mandhari," kama alivyosema, ingawa mandhari yenyewe alikuwa ameitazama tangu kuzaliwa. Mwisho wa mwezi wa tano ingekuja Jumapili ya Maua, siku ambayo ukoo mzima hurudi kutoka huko ulikotawanyika, ukaweka maua makaburini, ukaimba, ukala mezani palepale kilimani. Lakini makaburi yalikuwa yamevamiwa. Mashina meusi yaliyoota manyoya mekundu, kama kamba iliyogeuka mnyama, yalikuwa yameparamia uzio, yakaukumbatia mwaloni mkubwa, na yakatambaa hadi juu ya jiwe la Lonnie Deaton, baba yake Orlena.

"Washawasha," alisema Babu na kutema mate pembeni. "Ngoja iote majani, matatumatatu, uone kama kuna atakayesogea. Mwaka jana watoto wa ndugu yangu Estill walirudi Indiana wamevimba kama maandazi. Wanasema hawaji tena."

"Na wao si Deaton?"

"Wale wamechukua ngozi ya mama yao. Sisi wenyewe haitupati. Babu yangu alikuwa anatafuna jani moja kila mwaka, kama mchicha. Usicheke! Anamaliza, analamba midomo."

"Hata mimi hainipati?"

Babu alimtazama kwa jicho moja. "Kwani we si Deaton?"

Maneno hayo manne Orlena alishuka nayo kilima kama mtu aliyebeba yai. Hata usiku alilala nayo.

"Ila hiyo usiiguse," Babu alikuwa ameongeza. "Niachie mimi na dada yangu Verlie. We okota matawi tu."

Sehemu hiyo ya maneno haikufika nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Babu aliwasha pikapu yake kwenda mjini kuchukua dawa za kifua. Lilipopotea tu vumbi la gari, Orlena alikuwa tayari kilimani na toroli. Mashina hayakuwa na jani hata moja, kwa hiyo alijiambia yamelala au yamekufa, na kwa vyovyote vile yeye alikuwa Deaton. Aliyang'oa kwa mikono mitupu. Yalibanduka kwenye jiwe la baba yake kwa sauti ya nguo inayochanika, yakaacha nyayo ndogondogo za manyoya. Alipopata jasho alijifuta kwa kiganja. Alipochoka alimkumbatia Biskuti, akapumzika, akaendelea. Alivuta mashina kwenye uzio na kwenye nusu ya mwaloni, akayashusha kwa toroli mpaka kwenye rundo la takataka za shamba nyuma ya banda, kisha akayafunika kwa matawi makavu. Alitaka Babu apande kilima mwezi wa tano, akute pameng'aa, aulize ni nani aliyefanya kazi hii.

"Rundo limenenepa," alisema Babu aliporudi. "Umeweka nini humo?"

"Matawi tu, Babu."

Ilimtoka kirahisi, kwa kuwa aliona ni siri nzuri.

Jumatatu asubuhi siri ilianza kuwasha. Kwanza ilikuja mistari myekundu mikononi, kama iliyochorwa kwa rula. Kesho yake mistari ikaota malengelenge, na shingo nayo ikajibu. Orlena alijitazama kwenye kioo cha bafuni, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa maumivu. Aliwaza: nina ngozi ya mama.

Alivaa sweta la mikono mirefu, akafunga kola mpaka kidevuni. Mezani Babu naye alikuwa kimya kuliko kawaida, akala upesi, akasema amechoka, akaenda kulala mapema. Orlena alishukuru. Alikaa jikoni peke yake akijikuna chini ya meza, huku Biskuti akimtazama kwa macho ya huruma kana kwamba hahusiki.

Jumatano kulikuwa na joto.

"Ohio!" alipaza sauti Denver ndani ya basi. "Sweta joto lote hili? Unaatamia mayai humo?"

Orlena alikuwa akijisugua mgongo kwenye kiti. Denver aliinama kumchokoza zaidi, akaiona shingo yake, na mzaha ukamkauka mdomoni. "We, hiyo si utani," alisema polepole. "Kamwone nesi. La, usiponiahidi nakwenda kumwambia mimi."

Nesi Tackett alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimkunjia mikono ya sweta bila kuomba ruhusa.

"Umeshika washawasha."

"Ni mbu, Nesi."

"Mbu mwezi wa nne? Hao mbu wamevaa makoti?" Alinawa, akavaa glavu, akaanza kumpaka dawa nyeupe iliyopoza kama maji ya kijito. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, binti. Kila masika naletewa mbu wa namna hii."

Orlena aliuliza kwa sauti ndogo, "Nesi, kuna watu ambao haiwapati?"

"Wapo wachache, kwa muda. Mtu anaishika leo salama, mwaka mwingine inamlaza. Haisomi jina lako la ukoo kabla ya kukuwasha. Na wale wanaosema eti tafuna jani upate kinga, tafadhali! Koo likivimba utapumulia wapi? Sumu yenyewe ni mafuta. Yamo kwenye jani, yamo kwenye shina, yamo kwenye mzizi, iwe baridi au joto, iwe imekufa au ingali hai. Yanaganda kwenye nguo, kwenye panga, kwenye manyoya ya mbwa."

"Na ikichomwa?"

Mkono wa nesi ulisimama. "Nani anachoma?"

"Nauliza tu."

"Isichomwe kabisa. Moshi unayabeba yale mafuta hadi ndani ya mapafu. Yaliyo mkononi mwako sasa hivi, fikiria yakiwa kifuani. Mtu mwenye nguvu zake analazwa hospitali. Mwenye kifua kibovu..." Hakumaliza. Alimtazama Orlena kwa makini. "Utamwambia babu yako leo, au nimpigie mimi?"

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Leo, Nesi."

Alasiri hiyo Orlena alirudi bondeni akikariri sentensi yake. Aliikariri kwa kuku, akaikariri kwa Biskuti. Alipoingia ndani, Babu alikuwa dirishani akitazama mawingu.

"Kesho mvua," alisema. "Leo jioni tunachoma lile rundo. Ikifika saa kumi na mbili tu, sheria ya moto inaruhusu."

Orlena alifungua kinywa. Kikatoka, "Sawa, Babu."

Aliosha vyombo. Akavifuta. Akaviosha tena. Kila mara sentensi ilifika hadi kwenye meno, ikageuka. Angesema nini? Kwamba alikatazwa akagusa, akaulizwa akadanganya, na juu ya yote, kwamba ngozi yake imemkana? Mzee aliyemwambia "kwani we si Deaton?" angemjibu nini sasa? Labda angempigia simu mama yake. Labda asingesema lolote, wakaendelea kula maharagwe kimya, naye akiwa mgeni hata pale.

Mlango wa nyuma ulijibamiza. Babu alikuwa ametoka na kiberiti.

Orlena alimfuata hadi kwenye kona ya banda. Upepo ulikuwa unashuka bondeni taratibu, ukipita juu ya rundo na kwenda moja kwa moja usoni pa Babu. Alichuchumaa, akasokota gazeti kuukuu, akalichomeka kati ya matawi. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Alitoa ya pili, akaikinga kwa viganja.

"Babu, usiwashe!"

Babu aligeuka, njiti ikiwaka. "Kuna nini? Sungura kaingia?"

Kila mtu bondeni alijua kwamba sungura huzalia kwenye marundo, na kwamba mtu mwema huangalia kwanza. Ilikuwa njia nyepesi sana. Angeitikia tu "ndiyo," na moto usingewaka leo, na kesho mvua, na keshokutwa angejua la kufanya.

"Hapana," alisema Orlena. "Ni washawasha. Imejaa chini. Niliing'oa mimi, kwenye kaburi la baba. Nikakwambia ni matawi. Moshi wake utakuua, Babu, Nesi kasema, usiwashe!"

Njiti ilimchoma Babu kidole. Aliitupa chini, akaikanyaga, akaisaga kwa kisigino muda mrefu kuliko njiti inavyohitaji. Kisha alilichomoa gazeti, akasogea mbali na rundo, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Orlena alingojea kugombezwa.

"Onyesha," alisema Babu.

Orlena alipandisha mikono ya sweta. Dawa nyeupe ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nimechukua ngozi ya mama," alisema. "Mimi si Deaton."

Babu alifungua kifungo cha mkono mmoja wa shati, kisha cha pili, akakunja polepole hadi viwikoni. Mikono yake ilikuwa myekundu, imejaa malengelenge hadi ndani ya kiwiko. Akafungua na kola. Shingo ilikuwa mbaya zaidi ya ya Orlena.

"Ilinianza juzi," alisema. "Sijagusa mti wowote, nikadhani ni uzee umeamua kutokea kwenye ngozi. Nikaona haya kukwambia, baada ya majigambo yote yale. Ndiyo maana nalala mapema. Nakwenda kujikuna."

Wote wawili, bila kuambizana, walimtazama Biskuti. Mbwa alikuwa amelala katikati yao, tumbo juu, akingoja kukwaruzwa.

"We umemkumbatia huyu Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Na mimi namkumbatia kila siku. Loo! Kumbe mshenga huyu hapa!"

Babu alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Orlena akakimbilia maji. Alipokunywa na kutulia, Orlena aliuliza, "Na babu yako aliyetafuna jani?"

"Alitafuna kweli. Akalazwa, mdomo na uso vimemvimba hata kofia haimwingii. Sehemu hiyo huwa tunairuka."

Asubuhi, mvua ikinyesha na Orlena akiwa amebaki nyumbani badala ya kwenda shule, alikuja Bibi Verlie, dada yake Babu, aliyekuwa amesimuliwa yote kwa simu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usio na breki. Aliwatazama wote wawili, akashika kiuno.

"Hobert! Mzee mzima umeshindwa na mbwa! Na we binti, nani alikwambia vita vinapiganwa kwa mikono mitupu? Nyie kweli ni babu na mjukuu. Vichwa vyenu ni msitu mzima, haufyekeki."

Orlena aliyashika maneno hayo "babu na mjukuu," hata kama yalikuja yamefungwa ndani ya matusi.

Bibi Verlie aliwapangia kazi. Babu alikaa barazani, mbali na upepo, naye hakuruhusiwa kugusa kitu ila kikombe chake cha kahawa. Orlena naye hakuruhusiwa kusogea mpaka ngozi yake ipone, lakini alitakiwa kutazama na kujifunza. Mvua ilipokatika, Bibi alivaa suruali nene iliyochomekwa kwenye buti, mikono mirefu, na glavu ndefu zilizofika viwikoni. Alilifumua rundo, akayatenga mashina, akayatia kwenye mifuko ya plastiki bila kuyavunjavunja, akafunga vinywa vya mifuko barabara ili ikatupwe dampo.

Kilimani alifanya vingine. "Hapa ulikosea tena," alimwambia Orlena aliyesimama nje ya uzio. "Shina lililoparamia mti halivutwi. Ukilivuta linakuangukia usoni. Unalikata chini, karibu na mizizi, halafu unalikata tena juu kidogo, unatoa kipande cha kati. La juu linakufa lenyewe, likae hukohuko litakavyo. Halafu mizizi unaichimba ardhi ikiwa na maji, kama leo. Ukibakiza kidole, mwaka ujao utakuta mkono."

Walipomaliza, Bibi aliosha msumeno na jembe kwa sabuni ya vyombo. Alimwosha Biskuti bila kuvua glavu, na mbwa akalia kama anayechinjwa. Alijiosha mwenyewe kwa maji baridi na sabuni ileile, akijisugua kwa kitambaa, akijisuuza, akianza upya. "Mafuta ya gari ungeyatoa kwa kumwagia maji tu?" aliuliza. "Basi na haya vilevile." Nguo zake zilifuliwa mbali na nyingine.

Jumapili ya Maua ilifika na jua. Magari yaliingia bondeni moja baada ya jingine, na zile nyumba zilizopigiliwa mbao zikapitiwa na watu wanaozinyooshea vidole. Wakaja hata watoto wa Estill, wamevaa soksi ndefu mpaka magotini kwa tahadhari. Mama yake Orlena hakuja. Alikuwa amepiga simu usiku uliotangulia: kiwanda kimekataa ruhusa. Orlena aliweka maua ya karatasi juu ya jiwe la baba yake, yale ya kwake, kisha yale ambayo mama angeleta.

Mezani, kati ya kuku wa kukaanga na pai, Estill alianza. "Lakini sisi damu ya Deaton, washawasha haituwezi! Mnamkumbuka babu..."

"Acha chuku, Estill," alisema Babu. Alisimama, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, watu walinyamaza. "Tulipatikana mwaka huu, mimi na mjukuu wangu huyu hapa, Orlena wa Lonnie. Alikosea, alishika nilichomkataza, akanidanganya. Lakini mimi ndiye niliyemjaza kichwani kwamba Deaton hawashwi. Akawashwa akaona haya. Nami nikawashwa nikaona haya. Nyumba moja, watu wawili, kila mtu anajikuna chumbani kwake, na nusura nife kwa hilo." Alivuta pumzi. Haikuwa rahisi. "Watoto, sikieni. Mkikosea, semeni mapema, kabla moto haujawashwa. Mkiumwa, semeni. Huyu alisema, ingawa alidhani ukweli ungemfukuza hapa. Leo nipo kwa sababu hiyo. Basi, nipe chumvi."

Watu walicheka, chumvi ikapita mikono mingi hadi ikamfikia. Mtoto mmoja wa Estill alimsogelea Orlena, akamwomba amwonyeshe makovu.

Jioni magari yalishuka yote. Bonde lilirudi kuwa bonde, na kijito kikasikika tena. Orlena na Babu walikaa barazani, Biskuti akiwa chini ya ngazi. Kwa kawaida huo ulikuwa wakati wa kunyamaza.

"Babu," alisema Orlena. "Leo nilikuwa namtazamia mama kila gari lililopanda. Mpaka la mwisho."

Babu alimgeukia.

"Niliona," alisema. "Mimi namtazamia baba yako mpaka leo, na najua alipo."

Akamsogezea kiti karibu.

"Haya, niambie. Mama yako akicheka, anachekaje?"

Orlena akaanza kumweleza.